Unga, kapsuli au kongosho bichi? Kumlisha mbwa mchanga ambaye kongosho lake halifanyi kazi

German Shepherd wa mwaka mmoja na nusu anamaliza bakuli, anatafuta lingine, na bado mbavu zake zinahesabika. Kinyesi chake ni kingi kupita kiasi, laini, cha manjano au kijivu, kinang'aa mafuta, na mara nyingi anakila mwenyewe. Tumbo linanguruma hadi mtu aliye kando analisikia. Nairobi hii, mbwa wa namna hiyo huwa amepewa dawa ya minyoo mara mbili tatu kabla mtu hajafikiria kongosho.

Kongosho lina kazi mbili. Moja ni kutoa insulini. Nyingine ni kumwaga ndani ya utumbo vimeng'enya vya kusaga chakula: lipasi ya mafuta, proteasi ya protini, amilasi ya wanga. Katika mbwa wachanga wa aina fulani, hasa German Shepherd na Rough Collie, kinga ya mwili yenyewe hushambulia seli zinazotengeneza vimeng'enya hadi zinakwisha, huku zile za insulini zikiachwa. Dalili hazijitokezi mpaka takriban asilimia 90 ya uwezo huo umepotea, ndiyo maana mbwa anaonekana mzima, kisha ndani ya miezi michache anabaki mifupa. Kwenye kadi daktari ataandika EPI, kifupi cha Kiingereza cha kongosho lisilotoa vimeng'enya vya kutosha. Seli hizo hazirudi. Kila mlo, maisha yote, mbwa huyu atahitaji vimeng'enya kutoka nje.

Swali la ulinganisho huu ni hilo tu: vitoke wapi? Njia zilizothibitishwa ni tatu, yaani unga wa vimeng'enya wa mifugo, kapsuli za binadamu zinazouzwa katika famasia, na kongosho bichi la mnyama aliyechinjwa. Zote zaweza kufanya kazi. Zinapotofautiana sana ni nyumbani: nani analisha, friji ikoje, stima inapotea mara ngapi, na mwezi unaishaje.

Kwanza hakikisha ndio ugonjwa wenyewe

Usinunue chochote kabla ya kipimo cha damu kinachoitwa TLI, kinachoonyesha kama kongosho bado linatengeneza vimeng'enya. Mbwa hafungi siku nzima, saa nane hadi kumi na mbili bila chakula zinatosha. Kipimo lazima kiwe cha mbwa hasa, si cha binadamu. Majibu yakiwa chini ya mikrogramu 2.5 kwa lita, na dalili zipo, hakuna ubishi. Yakianguka kati ya 2.5 na 5.7, hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Uliza zahanati kama maabara yao inakipima yenyewe au inatuma sampuli nje ya nchi, maana hilo ndilo litakaloamua unalipa ngapi na unangoja siku ngapi. Zahanati ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Upper Kabete ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza kama daktari wa mtaani kwako hana njia.

Habari njema kwa aliyekwisha kuanza matibabu kwa kubahatisha: vimeng'enya vya mdomoni haviharibu majibu ya TLI, kwa hiyo mbwa anaweza kupimwa bila kuachishwa dawa. Kipimo cha zamani cha kuweka kinyesi juu ya filamu ya eksirei si cha kutegemea, ukipewa hicho kikataliwe.

Pia usichanganye ugonjwa huu na kongosho lililovimba. Mbwa wa kongosho lililovimba hutapika, hujikunja mgongo kwa maumivu, na hukataa chakula. Huyu wetu hana maumivu ya namna hiyo na anakula kila kitu hadi vitambaa. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu yule wa kwanza huwekwa kwenye chakula chenye mafuta kidogo sana, na watu hukopa ushauri huo na kumpa huyu wa pili, ambaye tayari anakufa njaa ya nguvu. Mbwa wa EPI hahitaji kunyimwa mafuta kabisa. Ukimnyima, anakosa na vitamini A, D, E na K zinazosafiri na mafuta.

Unga

Huu ndio njia iliyopimwa zaidi, na ndio ningeanza nao kama upo. Ni kongosho la nguruwe lililokaushwa na kusagwa. Kiwango cha kuanzia ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za mbwa, kwa kila mlo. Unachanganya na chakula kilicholoweshwa kwa maji kidogo, unampa. Hakuna haja ya kukiacha kwanza nusu saa kama wengi wanavyoshauriana. Vimeng'enya vitafanya kazi tumboni. Ila chakula kisiwe cha moto. Joto huviua, kwa hiyo wali uliotoka sufuriani upoe hadi ukiugusa na kidole usihisi kuungua wala uvuguvugu mkali.

Faida yake ni kwamba kiasi kinajulikana. Mbwa asipopata nafuu baada ya wiki mbili, unajua kosa haliko kwenye dawa kuwa dhaifu, unatafuta kwingine. Hilo kongosho la bucha haliwezi kukuambia.

Hasara yake ni mfuko. Piga hesabu na mbwa wa kilo 25: vijiko viwili na nusu mara mbili kwa siku ni vijiko vitano. Kijiko kimoja ni karibu gramu 2.8, kwa hiyo siku moja inakula gramu 14. Kopo la gramu 340 linakwisha kwa siku 24. Na kwa kuwa kwa kawaida ni bidhaa ya kuagizwa, kopo la pili linatakiwa liwe njiani kabla la kwanza halijafika nusu. Mbwa akishatulia, daktari hupunguza kiasi polepole hadi kile cha chini kinachoshikilia kinyesi kizuri, na hapo gharama hushuka. Lakini usianze kwa kubana, utakuwa unamlisha mbwa gharama bila matokeo.

Mambo mawili madogo. Unga huu unasaga nyama, na mdomo ni nyama. Ukibaki umekauka kwenye midomo humchoma, na kuna mbwa waliopata vidonda na kutokwa damu mdomoni. Kulowesha vizuri, kumfuta mdomo na kupunguza kiasi huondoa tatizo. Na anayeuchota asiuvute puani, hasa mwenye pumu.

Kapsuli za famasia

Hizi, kama Creon, zilitengenezewa binadamu wenye kongosho dhaifu. Nguvu yake ni upatikanaji: famasia kubwa ya mjini inaweza kuwa nazo au kuziagiza, na hazihitaji friji. Mbwa anayesafirishwa na familia kwenda ushago Desemba ni mteja mzuri wa kapsuli.

Udhaifu ni idadi. Kijiko kimoja cha unga wa mifugo kina takriban yuniti 71,400 za lipasi. Kapsuli iliyoandikwa 25,000 ina yuniti 25,000. Ukifuata lipasi peke yake, kijiko kimoja kinalingana na kapsuli karibu tatu, na mbwa wa kilo 25 angehitaji saba kwa mlo mmoja. Kwa vitendo madaktari huanza na chache zaidi na kuangalia kinyesi, kwa sababu chembechembe za ndani zimepakwa ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo, hivyo nyingi zaidi hufika salama kwenye utumbo. Ganda hilohilo ndilo lililofanya kapsuli zidharauliwe kwa miaka: tumbo la mbwa si la binadamu, na chembe zinaweza kupita kabla hazijafunguka. Tafiti za baadaye zimeonyesha chembe ndogo zilizopakwa zinaweza kumfaa mbwa. Vidonge vizima vilivyopakwa ndivyo vya kuepuka.

Fungua kapsuli, nyunyiza chembe juu ya chakula, usizitwange. Ukizitwanga umevunja ganda ulilolilipia.

Kwa Pomeranian wa kilo tatu kwenye nyumba ya kupanga Kilimani, kapsuli ina mantiki kabisa. Kwa mbwa wa ulinzi wa kilo 35 Ruai, sioni mtu akiimudu mwaka mzima.

Kongosho bichi

Hapa Nairobi ina bahati ambayo miji mingi haina: machinjio yako karibu, na kongosho ni kitu ambacho wateja wengi wa bucha hawakigombanii. Gramu 30 hadi 90 za kongosho bichi lililokatwakatwa huchukua nafasi ya kijiko kimoja cha unga. Mbwa wa kilo 25 akianza na gramu 100 kwa mlo, milo miwili, anakula gramu 200 kwa siku, kilo sita kwa mwezi. Kwa bei ya matumbo na mabaki, hakuna unga wala kapsuli itakayoshindana nayo.

Tatizo la kwanza ni kulipata lenyewe. Mwuzaji mara nyingi hukupa bandama, kwa sababu ndiyo inayoombwa. Bandama ni nyekundu nzito, bapa, ndefu. Kongosho ni la waridi lililofifia, laini, lenye vijibonge vijibonge, limelalia mwanzo wa utumbo mwembamba, na mara nyingi limejificha kwenye mafuta. Mwambie unamtaka akutolee lile linaloshikana na utumbo pale unapotoka kwenye tumbo, kisha umwonyeshe picha kwenye simu. Ukimpa wiki mbili na malipo ya hakika, atakuwekea.

Tatizo la pili ni muda. Kongosho hujisaga lenyewe mara mnyama anapokufa. Lililokaa kutwa kwenye karai juani limepoteza nguvu, hata kama halijanuka. Kwa hiyo afadhali machinjio ya Dagoretti alfajiri kuliko soko la Burma saa kumi jioni. La mbuzi wa Kiamaiko linafaa pia, ila ni dogo na utakusanya mengi kujaza mfuko mmoja. La nguruwe lina nguvu nzuri ya vimeng'enya, lakini nguruwe anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa Aujeszky, ambao humuua mbwa, na virusi hivyo kwenye kitu kibichi havijauawa na chochote. Mimi ningechukua la ng'ombe. Kwa nyumba ya Waislamu wa Eastleigh au South C ambayo haitaki kushika kitu cha nguruwe, la ng'ombe lina faida nyingine: unga na kapsuli zote mbili, kwa kawaida, ni za nguruwe.

Tatizo la tatu ni minyoo ya hidatidi, na hili nataka lichukuliwe kwa uzito. Mbwa anayekula viungo vibichi vya mifugo vyenye malengelenge ya hidatidi hupata tegu wadogo utumbo mzima, anatoa mayai kwenye kinyesi, na binadamu, hasa mtoto anayecheza naye, anayameza na kuota uvimbe kwenye ini au mapafu. Turkana inajulikana duniani kwa mzigo wa ugonjwa huu. Malengelenge hukaa zaidi kwenye ini na mapafu kuliko kwenye kongosho, lakini mwuzaji akikufungia pamoja na kipande cha ini cha bure, umeshakosa. Nunua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, kataa nyongeza, na mbwa apewe dawa ya tegu, prazikwanteli, kila wiki sita kwa ratiba ya daktari. Mikono, kisu na ubao vioshwe mbali na vya jikoni kwa sababu ya salmonela.

Tatizo la nne ni friji. Kongosho likigandishwa vizuri kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hudumu miezi mitatu bila kupoteza nguvu ya maana. Likate ubichi, ligawe kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, gandisha siku hiyohiyo. Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku, si kwenye maikrowevu wala maji moto. Kulipika, hata kidogo, ni kulitupa. Sasa weka stima ndani ya hesabu hiyo. Mtaa ambao umeme hupotea kutwa nzima mara kwa mara hauhifadhi kilo sita za kongosho. Kila kuyeyuka na kuganda tena kunakula nguvu na kukaribisha bakteria. Friza ndogo iliyojaa hustahimili zaidi kuliko kabati la barafu lililo juu ya friji ya kawaida.

Ningechaguaje

Wiki nne za mwanzo, unga, hata kama unauma. Unajua kiasi, unaona kama mbwa anajibu, na unampima uzito kila Jumamosi. Akishashika mwili, nyumba yenye friza ya kuaminika na mtu wa kufika machinjioni ihamie kongosho bichi la ng'ombe, na kopo la unga au pakiti ya kapsuli ibaki kabatini kwa siku za stima na safari. Nyumba isiyo na friza, au ambayo mbwa analishwa na dada wa nyumbani au mlinzi anayebadilika kila miezi mitatu, ibaki na unga. Kijiko ni rahisi kuachia mtu maagizo. Kifuko kilichoyeyuka vibaya si rahisi kukigundua.

Papai nimeliacha nje kwa makusudi, ingawa utashauriwa papai bichi na majani yake kila kona. Kimeng'enya cha papai husaga protini tu. Hakigusi mafuta, na mafuta ndiyo mbwa huyu anayopoteza zaidi. Vivyo hivyo vidonge vya vimeng'enya vya mimea.

B12: sindano au vidonge

Watu hupigana juu ya unga na kongosho na kusahau hili, ilhali mara nyingi ndilo linaloamua. Kwa mbwa, kongosho ndilo hasa linalotoa protini inayowezesha utumbo kuchukua vitamini B12. Kongosho likifa, B12 inashuka, na vimeng'enya unavyonunua havirudishi hali hiyo. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007, mbwa 178 walifuatiliwa: takriban asilimia 60 waliitikia matibabu vizuri, 17 kiasi, 23 vibaya, na B12 iliyoshuka sana iliambatana na maisha mafupi. Damu ile ya TLI ipimwe na B12 pia.

Sindano hutolewa chini ya ngozi mara moja kwa wiki kwa wiki sita, nyingine mwezi mmoja baadaye, kisha kipimo kirudiwe baada ya mwezi mwingine. Mbwa wa kilo 20 hadi 30 hupewa mikrogramu 800 kila safari. Vidonge vya kila siku, vya mikrogramu 1,000 kwa mbwa wa zaidi ya kilo 20, vimethibitika kupandisha B12 navyo, na vinamfaa anayeishi mbali na daktari au asiyeweza kulipa ziara kila wiki. Mbwa aliyedhoofika sana, mimi ningeanza na sindano. Vidonge vya kutafuna vya binadamu visomwe lebo: zailitoli, kitia utamu kinachowekwa badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa. Na zile chupa za vitamini B mchanganyiko za agroveti, zilizokusudiwa ng'ombe, mara nyingi zina B12 kidogo na huuma zikidungwa.

Ugali, wali au chakula cha pakiti

Wali mweupe unashinda ugali, na ugali wa unga uliokobolewa unashinda ule wa kinu cha mtaani usiokobolewa. Nyuzinyuzi huzuia kazi ya vimeng'enya na kufyonzwa kwa mafuta, basi pumba, sukuma wiki na mabaki ya githeri vimepoteza nafasi. Kuku bila mifupa, nyama konda kiasi, yai lililochemshwa, vyote vizuri. Chakula cha pakiti ni sawa kama lebo yake inaonyesha nyuzi chache, ila kiloweshwe ili unga ushike. Gawa milo miwili au mitatu kwa siku.

Kinachoharibu zaidi si mchele gani. Ni kipande cha chapati cha mlinzi, mandazi ya watoto wa jirani, na pipa la taka lililo wazi. Chochote kinachoingia bila vimeng'enya kinatoka kama kilivyoingia, kikibeba na maji. Nyumba nzima iambiwe, na geti lifungwe siku ya taka.

Baada ya wiki mbili hadi nne kinyesi kikiwa bado kibaya, fuata mpangilio huu kabla ya kubadilisha njia. Kiasi kimepungua wapi? Chakula kilikuwa moto? Unga umeisha muda au umeachwa wazi karibu na jiko? B12 imepimwa? Kama yote ni safi, daktari huongeza antibiotiki kama tailosini kwa wiki kadhaa kutuliza bakteria waliozidi kwenye utumbo, kisha huanza kutafuta ugonjwa wa pili, kwa kawaida wa utumbo wenyewe. Tailosini ya kuku inapatikana agroveti bila maswali, lakini kiasi cha mbwa si cha kuku, kwa hiyo dozi aandike daktari.